Seva ya Kitale na Mkwe Wangu wa Bungoma

Jumatatu ya tarehe tatu Machi, saa tatu na robo asubuhi, meneja alinikabidhi ufunguo wa chumba cha seva. Saa naikumbuka kwa sababu niliiandika, na niliiandika kwa sababu nilikuwa na fahari. Nilikuwa na miaka hamsini na miwili. Mume wangu alifariki tarehe kumi na saba Agosti, nikiwa na miaka thelathini na minane na elimu ya darasa la nane. Januari iliyofuata nilijiunga na masomo ya watu wazima. Nilifanya mtihani wa kidato cha nne nikiwa na arobaini na miwili, na stashahada ya kompyuta niliipata nikiwa na arobaini na sita. Katika ukoo wa mume wangu hakuna aliyetarajia nifike huko, na wapo waliosema waziwazi kwamba mjane anayebeba daftari amepoteza haya. Nilipoushika ufunguo ule nilihisi nimewajibu wote kwa pamoja.

Kampuni ninayoifanyia kazi huzalisha mbegu za mahindi. Maabara iko hapa Kitale, na bohari inayowahudumia wakulima wa Kimilili, Naitiri na kwingineko iko Bungoma. Kila fungu la mbegu lina namba yake, nalo halitoki boharini kabla maabara haijathibitisha kwamba mbegu zake zinaota. Kwa miaka mingi uthibitisho huo ulisafiri kwa karatasi, ndani ya lori, pamoja na magunia. Mwaka huu tuliambiwa kwamba kompyuta zitaifanya kazi hiyo zenyewe. Seva ya Bungoma ingeiita seva ya Kitale na kuiomba itafute namba ya fungu fulani. Seva ya Kitale ingeifanya kazi hiyo huku kwetu, kisha ingerudisha jibu, limefaulu au halijafaulu. Kwa mtu aliyeketi Bungoma ingekuwa kama kazi imefanyika mezani pake. Wajibu wangu ulikuwa kuiandaa seva ya Kitale iweze kuitwa kutoka mbali.

Kuiandaa ni kujaza faili la mipangilio. Unaandika anwani ambayo huduma itasikilizia, namba ya mlango wa kupitia, orodha ya kompyuta zinazoruhusiwa kuita, na muda ambao mwitaji atasubiri kabla ya kukata tamaa. Nilikuwa na kijitabu cha maelekezo kilichokuwa na mfano wa faili zima. Mimi nilisoma ukubwani, na kitu cha kwanza nilichokimudu kilikuwa kunakili. Mwalimu wetu wa jioni alizoea kuliinua daftari langu mbele ya darasa na kusema kwamba hakuna nukta iliyopotea kati ya ubao na karatasi. Basi mfano ule niliunakili mstari kwa mstari. Niliiongeza kompyuta ya Bungoma katika orodha ya wanaoruhusiwa, nikaweka muda wa kusubiri kuwa sekunde thelathini, nikaiwasha huduma. Kisha, nikiwa nimeketi mbele ya seva ileile, niliiita na kuiuliza habari za fungu moja la mbegu. Ilijibu papo hapo. Nikaandika katika daftari: Alhamisi, tarehe sita Machi, saa nane na dakika ishirini mchana, imejibu.

Nisilolijua wakati huo ni kwamba mstari mmoja katika mfano ule uliiagiza huduma isikilize mashine yake yenyewe tu. Anayeita akiwa ndani ya seva hujibiwa. Anayeita kutoka nje hukuta mlango umefungwa. Ni kosa dogo na la kawaida. Watu wawili, mmoja Kitale na mwingine Bungoma, wakizungumza kwa simu huku kila mmoja akitazama skrini yake, hulipata kwa dakika tatu.

Mtu wa Bungoma alikuwa mkwe wangu, mume wa binti yangu wa pekee.

Kwetu, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawapeani mikono. Hawali meza moja, hawaketi wakatazamana, na wakikutana njiani mmoja hupisha. Siku hizi watu wamelegeza. Mchungaji wetu mwenyewe hulicheka jambo hili madhabahuni, na majirani zangu wengi huwapigia wakwe zao simu kuwauliza bei ya mbolea. Wazee walioiweka desturi hii hawakuiona simu, na hakuna aliyewahi kunikataza kuitumia. Niliyejikataza ni mimi. Kwa kuwa nilisemwa sana niliporudi shule, niliamua kwamba katika mambo ya heshima hakuna atakayenikosoa, na nikayashika kuliko hata wanawake ambao hawakuwahi kuona darasa. Tangu harusi yao, tarehe saba Desemba, miaka mitano kabla ya mambo haya, sikuwa nimemsemesha mkwe wangu neno moja. Hata kazi hii niliyonayo, yeye ndiye aliyeiona ikitangazwa katika ofisi yao. Akamwambia mke wake, na mke wake akaniambia mimi. Shukrani zangu nazo zilirudi kwa njia hiyohiyo.

Jumatatu ya tarehe kumi Machi, saa nne na nusu asubuhi, binti yangu alinipigia simu. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, na huo ulikuwa wakati wa mapumziko. Nilisikia kelele za wanafunzi nyuma yake.

"Mama, baba watoto anakusalimia sana. Anauliza kama unaweza kuangalia tena upande wako, ukipata nafasi. Ati seva yao ikiita haipati kitu."

"Mwambie kwangu inajibu. Niliijaribu Alhamisi, saa nane na dakika ishirini."

"Sawa, Mama. Lakini si uangalie tu?"

"Mwambie aangalie intaneti ya Bungoma."

Jumanne alipiga tena, na Jumatano mara mbili, kila mara katikati ya vipindi vyake, na kila mara kwa salamu nyingi na ombi lilelile la upole. Nami kila mara nilikwenda kwenye chumba cha seva, nikaketi kwenye kiti kilekile, nikaiita huduma, ikanijibu, nikarudi na jibu lilelile. Katika maabara yetu kuna mama mmoja, mzaliwa wa Endebess, ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka mkoa wa kati. Alikuwa akihesabu mbegu zilizoota kwenye trei ya mchanga aliponisikia nikikata simu.

"Wewe mama, si umpigie huyo mtu mwenyewe?"

"Ni mkwe wangu."

"Ati mkwe! Kwetu mkwe anakuja Krismasi, anachoma mbuzi, anakaa hapo na mama mkwe wanacheka mpaka meno ya nyuma. Na simu haina macho, bana. Hatakuona."

"Atanisikia."

"Sasa si hiyo ndiyo kazi ya simu?"

Maabara nzima ilicheka, na mimi nilicheka nao. Nilimweleza kwamba kila nyumba ina mambo yake, nikarudi mezani kwangu kichwa juu.

Mvua ilianza kunyesha Jumamosi ya tarehe kumi na tano. Mkulima wa huku hahitaji kuelezwa maana yake: mahindi yanayopandwa na mvua za mwanzo na yale yanayochelewa kwa wiki mbili hayafanani wakati wa kuvuna. Kufikia Jumatatu watu walikuwa wamejaa mbele ya bohari ya Bungoma, na ndani kulikuwa na magunia ambayo hayangeweza kutolewa kwa sababu Kitale haikuwa imejibu. Meneja wangu aliniita ofisini mwake.

"Mama, turudie karatasi wiki hii? Lori linaondoka saa saba."

Ningesema ndiyo, mambo yangeishia hapo. Nilisema hakuna haja, kwamba seva yetu ni nzima na hitilafu iko Bungoma. Aliniamini kwa sababu sikuwa nimewahi kumdanganya, na siku hiyo pia sikujua kwamba namdanganya.

Sasa lazima nieleze kanuni moja, kwa kuwa juu yake mtu alipoteza kazi. Ikiwa maabara ya Kitale ndiyo imeshindwa kujibu, msimamizi wa mfumo kule boharini anaruhusiwa kuuondoa ukaguzi na kutoa mbegu kwa sahihi yake, kisha maabara ibebe lawama. Ikiwa hitilafu ni ya bohari yenyewe, haruhusiwi kabisa. Jumatano ya tarehe kumi na tisa, mkwe wangu aliuondoa ukaguzi. Aliandika kwamba maabara haijibu, akaweka sahihi, na mbegu zikatoka. Miongoni mwazo lilikuwamo fungu moja ambalo sampuli yake bado ilikuwa kwenye mchanga huku kwetu, halijathibitishwa, na ambalo baadaye lilianguka jaribio la kuota. Karibu lote lilikwenda Naitiri.

Siku mbili baadaye, Ijumaa ya tarehe ishirini na moja, niliamua kuurefusha muda wa kusubiri, ili nionyeshe kwamba nimemsaidia mtu wa Bungoma kwa kadiri ya uwezo wangu. Nilifungua faili la mipangilio. Macho yangu yakapita juu ya mstari wa anwani, yakarudi, yakatulia. Nilijua nilichokuwa nikikiona. Tulifundishwa jambo hilo katika mwaka wa pili wa stashahada, na nilikuwa nimelipata swali lake katika mtihani. Niliubadilisha mstari, nikaizima huduma na kuiwasha tena. Saa kumi na dakika kumi jioni, kumbukumbu za seva zilionyesha mwito wa kwanza kutoka Bungoma, na jibu likaenda.

Katika taarifa ya siku niliandika: "Mawasiliano na Bungoma yamerejea." Niliandika hivyo kana kwamba yalikuwa yametembea na kurudi yenyewe. Mama wa maabara alinipongeza, akasema sasa wa Bungoma wameamka. Sikumsahihisha.

Nilijiambia kwamba nitasema Jumatatu. Jumatatu ilipofika nilijiambia kwamba hakuna aliyeumia, kwa hiyo hakuna cha kusema. Wakati huo mbegu zilikuwa ardhini. Mwanzoni mwa Aprili wakulima wa Naitiri walianza kufika boharini wakilalamika kwamba mashamba yao yameota mistari yenye mapengo, na kampuni ikawapa mbegu nyingine, ingawa mvua haikuweza kuwarudishia.

Kikao cha uchunguzi kilifanyika Bungoma, Jumanne ya tarehe nane Aprili, saa tano. Watu watatu walitoka makao makuu Nairobi. Mimi niliitwa kama shahidi wa Kitale. Chumba kilikuwa kidogo, meza moja ndefu, na tulipangiwa viti vilivyotazamana, mkwe wangu upande ule na mimi upande huu. Alipoona mpango huo alikivuta kiti chake, akakigeuza, akaketi akiwa ameelekea dirishani, uso wake ukiwa mbali nami. Kila mtu wa kwetu angeelewa mara moja. Wale watatu hawakuwa wa kwetu.

Mwenyekiti, mwanamke mwenye miwani, alimtazama kwa muda. "Bwana, tunaongea na wewe. Unaweza kutuangalia?"

"Nawasikia, madam," alisema, bila kugeuka.

"Unasema maabara ilikuwa haijibu. Una uhakika shida ilikuwa Kitale, haikuwa hapa kwako?"

Niliiona mikono yake juu ya magoti, kidole gumba kikisugua kingine.

"Niliandika kile niliona," alijibu mwishowe. "Sina la kuongeza."

Mmoja wa wale watatu alimnong'onezea mwenzake kitu, na huyo akaandika. Kisha mwenyekiti akanigeukia mimi.

"Mama, wewe ndiye unasimamia seva ya Kitale. Kati ya tarehe kumi na tarehe ishirini na moja, ilikuwa inafanya kazi?"

"Ilijibu kila nilipoijaribu," nilisema.

"Kila mara?"

"Kila mara. Tarehe na saa ninazo." Nikafungua daftari nikawasomea: tarehe sita, tarehe kumi, kumi na moja, kumi na mbili, kumi na saba. Hakuna hata moja iliyokuwa ya uongo. Mwenyekiti alinishukuru kwa usahihi wangu, akasema laiti wafanyakazi wote wangetunza kumbukumbu namna ile. Mbele yangu mkwe wangu alikuwa bado ameutazama mti wa nje. Ningeweza kusema: huyu hageuki kwa sababu yangu, kwetu ni heshima, msiichukulie vingine. Yalikuwa maneno machache. Nililifunga daftari.

Barua ya kumwachisha kazi ilitolewa Ijumaa ya tarehe kumi na moja. Iliandikwa, kama binti yangu alivyonisomea kwa simu, kwamba mhusika aliondoa ukaguzi bila sababu inayokubalika na kwamba "mwenendo wake mbele ya kamati haukuwa wa mtu mkweli." Binti yangu hakulia. Aliniuliza tu kama mvua inanyesha Kitale.

Mwezi Mei walihamia Kimilili, ambako mkwe wangu alikodi kibanda cha kutengeneza simu. Mimi niliendelea kwenda kazini. Kila asubuhi nilifungua kumbukumbu za seva na kuona miito ya Bungoma ikija na majibu yakienda, mamia kwa siku, bila kukosea, na mwitaji kule sasa alikuwa mtu mwingine.

Jumapili ya tarehe ishirini Julai binti yangu alikuja kunitembelea peke yake. Tulikuwa jikoni, yeye akichambua majani ya sutsaa, mboga yetu ya kienyeji, mimi nikichuja maziwa. Nilimuuliza, bila kupanga kuuliza, mume wake alimpa maneno gani hasa aniletee ile tarehe kumi Machi.

"Mbona unauliza saa hii?"

"Niambie tu."

Aliacha majani. "Alisema, mwambie Mama huduma yake imefungwa ndani, inasikiliza mashine yake tu. Abadilishe ule mstari wa anwani."

"Hukuniambia hivyo."

"Ningekuambiaje kwamba umekosea, Mama? Wewe? Ungekasirika mwezi mzima. Nilikuambia uangalie tena. Nilifikiri ukiangalia utaona. Yeye alifikiri nimekuambia. Mpaka leo anafikiri nilikuambia, na wewe ukakataa."

Hapo ndipo nilipomweleza habari ya Ijumaa ya tarehe ishirini na moja, saa kumi na dakika kumi. Nilimweleza yote, hadi kikao na daftari. Alinisikiliza akiwa amesimama. Nilipomaliza nilimwomba amfikishie mume wake maneno hayo, pamoja na kuomba kwangu radhi.

"Hapana," alisema. "Yale mengine yote nilibeba. Haya utabeba mwenyewe."

Siku iliyofuata niliiandikia kampuni barua ya kurasa tatu, nikiambatanisha kumbukumbu za seva na nakala ya mstari ule kabla na baada ya kuubadilisha. Nilieleza pia kwa nini mtu alikaa akitazama dirisha. Jibu lilikuja tarehe sita Agosti. Mimi nilipewa onyo la maandishi. Kuhusu yeye, waliandika kwamba sababu ya kuachishwa kwake itarekebishwa katika faili, lakini nafasi ya Bungoma ilikwisha kujazwa na hakuna nyingine. Nilitaka kuondoka kazini. Binti yangu aliniuliza kuondoka kwangu kutamlisha nani, nami nikabaki kazini.

Nilimpigia mkwe wangu Alhamisi ya tarehe saba Agosti, saa sita mchana. Namba yake nilikuwa nayo kwa miaka mitano bila kuigusa. Aliitika "halo" kama mtu anayetarajia mteja. Nilijitaja. Nikasikia kitu kikiwekwa mezani polepole.

Nilimwambia kwa utaratibu, tarehe kwa tarehe, kwa sababu sijui njia nyingine ya kusema jambo. Nilimwambia kwamba ujumbe wake haukunifikia jinsi alivyoutoa, na kwamba kosa hilo si la mke wake, ni la mtu aliyewazoesha wengine kumwogopa. Nikamwambia kuhusu kikao.

"Nilijua tangu tarehe kumi, Mama," alisema. Sikuwa nimewahi kuisikia sauti yake ikinielekea mimi. "Ilikuwa inakataa hapo hapo. Kama ni shida ya mtandao ingekawia kwanza."

"Mbona hukusema mbele yao?"

"Ningesemaje, na wewe umekaa pale?"

Niliomba radhi. Nilimwambia walichoandika Nairobi, na kwamba nafasi yake imeshachukuliwa.

"Najua. Yule jamaa yuko hapo sasa, mimi ndio nilimfundisha." Alikohoa kidogo. "Nashukuru kwa kupiga, Mama. Hapa kuna mtu ananingoja."

Lakini hakukata. Nadhani aliona haifai yeye kuwa wa kwanza kunikatia, na simu ikabaki mezani ikiwa wazi. Nilisikia mwanamke akiuliza kama skrini ya simu yake itapatikana leo, na mkwe wangu akimwambia aache simu na arudi saa tisa. Nikasikia bisibisi ikianza kufanya kazi. Nilibaki nikisikiliza kwa muda ambao sikuuandika popote, kisha nikakata mimi.